Bibi Apasuliwe au Asipasuliwe?

Ndoo haikuwa imejaa. Nyumbani kwetu Manyoni kila anayesimulia habari ya mgongo wa Bibi huanzia hapo, kana kwamba ingekuwa imejaa tungeelewa. Ilikuwa Agosti 2021, upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi. Bibi aliinama mlangoni kuinua ndoo yenye maji nusu ili aiingize ndani. Hakuanguka wala hakujikwaa. Alisikia kitu kimekatika mgongoni kama kijiti, akakaa chini taratibu, na hakuinuka mpaka mama aliporudi kutoka sokoni.

Wiki mbili za kwanza alilala. Majirani walikuja kumsalimu, "Mbukwenyi," naye akaitikia bila kugeuza shingo. Mmoja alileta mafuta ya kuchulia, mwingine akanong'ona kwamba mgongo hauvunjiki bila mtu kuuvunja. Mahali pa kwanza tulipompeleka kutibiwa tuliambiwa ni uzee, tukapewa vidonge vya maumivu na kuruhusiwa. Wiki ya tatu mama alikodi gari, tukashuka mteremko wa Bonde la Ufa, tukapita Kintinku na Bahi hadi Dodoma, Bibi akiwa amelala ubavu kwenye kiti cha nyuma na kanga mdomoni asipige kelele.

Daktari wa Dodoma aliinua picha ya eksirei dirishani. Pingili za mgongo zilikuwa zimepangana kama matofali, kisha pale kifua kinapoishia na kiuno kuanza, tofali moja lilikuwa limebonyea upande wa mbele likawa kama kabari. Juu yake palikuwa na jingine lililobonyea kidogo. "Hili la juu ni la zamani," alisema. "Hakuwahi kulalamika?" Mama akakumbuka mwaka uliotangulia, pale Bibi alipougua mgongo mwezi mzima na sote tukasema ni figo.

Ugonjwa unaitwa osteoporosisi: mfupa unapoteza madini na uimara wake, unabaki na umbo lilelile kwa nje lakini ndani una matundu mengi kuliko ukuta, hadi siku ambayo kuinua ndoo nusu kunatosha kuuvunja.

Jioni ile mjomba mkubwa aliitisha kikao. Alikuwa amesikia kwamba Dar es Salaam wanapasua migongo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ipo tangu Bunge lilipopitisha sheria yake mwaka 1996, na kila mtu barabarani anamjua mtu aliyewekewa vyuma huko. Mjomba alitaka kuuza ng'ombe wanne. Kwa Mgogo hilo si neno dogo. Mama yake Bibi aliipita Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Tangu hapo katika ukoo wetu ng'ombe ni akiba ambayo haiguswi ovyo. "Lakini watu wasije wakasema tulimwacha mama alale mpaka afe kwa sababu ya ng'ombe," alisema mjomba. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimemaliza shahada ya historia na sina kazi: "Wewe msomi, tuambie. Apasuliwe au asipasuliwe?"

Sikujua. Niliomba wiki moja. Sikuwa daktari, kwa hiyo nilifanya kitu pekee nilichofundishwa: nikatafuta swali hilo liliulizwa lini, na nani, na walijibiwa nini.

*

Nilianza na swali ambalo daktari alimuuliza Bibi kabla ya mengine yote: unapata homa jioni? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Unakohoa? Katika nchi yetu mgongo unaopinda hushukiwa kwanza kifua kikuu. Daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huo wa pingili mwaka 1779, na hadi leo vitabu vya tiba huutaja kwa jina lake. Sisi tuna neno moja tu, kibiongo, kwa mtoto aliyeliwa pingili na vijidudu na kwa bibi kizee aliyepungukiwa na mfupa. Nadhani neno hilo moja limetuponza. Yule wa kwanza tulimhurumia tukamtafutia dawa, huyu wa pili tukamwambia ni umri.

Lakini kifua kikuu cha mgongo ndicho kilichonipa mfano wa kwanza wa watu kuuliza swali la mjomba kwa njia ya haki. Kwa vizazi vingi mgonjwa wa namna hiyo alilazwa miezi au miaka. Mwaka 1877 Lewis Sayre wa New York alichapisha kitabu cha kumning'iniza mgonjwa na kumvisha koti la plasta ya jasi kiwiliwili kizima. Wengine walipasua. Kila mmoja aliapa kwa njia yake. Dawa za kuua vijidudu zilipopatikana katikati ya karne ya 20, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliamua kulinganisha. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: Masan, Korea Kusini, kulala wodini dhidi ya kutembea na kutibiwa kutoka nyumbani, Pusan, koti la plasta dhidi ya kutovaa chochote, Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kusafishwa pingili kwa upasuaji dhidi ya dawa peke yake. Wote walipewa dawa.

Matokeo yalianza kutoka 1973 na 1974. Kulala wodini hakukuongeza faida. Koti la plasta halikuongeza faida. Ule upasuaji wa kusafisha wa Bulawayo haukuongeza faida. Upasuaji mkubwa zaidi uliofanyika Hong Kong ulipunguza kupinda kwa mgongo, ila ulihitaji mikono na vifaa ambavyo hospitali nyingi hazikuwa navyo. Nilisoma habari hizo usiku kwa simu, umeme ukiwa umekatika, nikawafikiria watoto waliolala miaka ndani ya jasi kwa sababu kila mtu mwenye busara aliona wazi kwamba mgongo mbovu lazima ulazwe.

Mgongo wa Bibi haukuwa na kifua kikuu. Vipimo vilithibitisha. Kwa hiyo mfano ule haukumjibu mjomba. Ulinifundisha tu kutoamini jambo kwa sababu linaonekana wazi.

*

Neno osteoporosisi lilitokana na kazi ya Jean Lobstein wa Strasbourg, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyeona mifupa ya maiti fulani ina matundu makubwa kuliko kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu kuuliza kwa nini wengi wao ni wanawake. Mwaka 1941 Fuller Albright wa Boston na wenzake waliandika kwamba mifupa ya wanawake hudhoofika baada ya kukoma hedhi kwa sababu homoni ya estrojeni imepungua. Maana yake, lile tunaloliita uzee lina kisababishi, na kisababishi kinaweza kushughulikiwa.

Kitanda nacho kilipata mpinzani. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher aliandika makala fupi kuhusu hatari za kulala kitandani: damu huganda miguuni, mapafu hujaa, misuli huisha, na mifupa yenyewe hupoteza madini. Nilisimama hapo. Wiki tatu tulikuwa tumemkataza Bibi asiinuke. Tulimpelekea uji kitandani, tukamgeuza, tukajivunia. Kumbe tulikuwa tunauondoa mfupa ule mdogo uliobaki.

Kisha ikaja saruji. Mwaka 1984 huko Amiens, Ufaransa, Pierre Galibert na Hervé Deramond walimtibu mgonjwa ambaye pingili yake ya shingo ilikuwa imeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Walipitisha sindano nene, wakaijaza pingili saruji ya mfupa, aina ya plastiki inayochanganywa ikiwa uji na kuwa ngumu kwa dakika chache. Maumivu yakaisha. Habari ilichapishwa 1987, na muda si mrefu madaktari wakajiuliza: kama inafaa kwa uvimbe, kwa nini isifae kwa bibi aliyevunjika? Mwaka 1998 njia nyingine ikaanza kutumika, ya kuingiza kiputo kwanza na kukijaza ili kuinua mfupa uliobonyea kabla ya kutia saruji.

Ukisoma ripoti za miaka ile utaona furaha ya kweli. Mgonjwa anaingia akibebwa, anatoka anatembea. Ungekuwa mjomba ungeuza ng'ombe kumi. Maelfu ya wagonjwa walidungwa Ulaya na Marekani kabla ya mtu kufanya kile kilichofanyika Bulawayo, yaani kulinganisha kwa bahati nasibu bila mgonjwa kuchaguliwa.

Hatimaye ilifanyika, na jinsi ilivyofanyika sijaisahau. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili siku moja, moja ya Australia iliyoongozwa na Rachelle Buchbinder ikiwa na wagonjwa 78, nyingine iliyoongozwa na David Kallmes wa Marekani ikiwa na wagonjwa 131. Nusu walitiwa saruji. Nusu waliingizwa chumba kilekile, wakalazwa kifudifudi, wakadungwa ganzi, wakabonyezwa mgongo, na chupa ya kuchanganyia saruji ikafunguliwa ili harufu yake kali ijae chumbani. Saruji haikutiwa. Mgonjwa hakujua yuko upande gani.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mwezi mmoja baadaye hakukuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati ya aliyetiwa saruji na aliyenusishwa harufu yake.

Nilirudia kusoma mara mbili. Haikuwa na maana kwamba wagonjwa wale walidanganya kuhusu maumivu yao. Pingili iliyobonyea, ikiachwa na kutunzwa, kwa kawaida huunga yenyewe, na maumivu makali hupungua kati ya wiki 6 na 12. Mtu huenda kupasuliwa siku maumivu yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia nyingi ni za kushuka. Ongeza matumaini, ongeza mikono ya daktari, na saruji inapewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili.

Mjadala haukuishia hapo, na sitaki msomaji adhani ulimalizika. Mwaka 2010 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji wenye wagonjwa 202 ulionyesha saruji inapunguza maumivu kuliko matibabu ya kawaida, ila kila mgonjwa alijua alichofanyiwa. Mwaka 2016 Waaustralia wengine walichagua wagonjwa 120 wenye maumivu makali waliovunjika chini ya wiki 6, wakatumia upasuaji wa maigizo, na safari hii saruji ikashinda. Mwaka 2018 Waholanzi wakarudia kwa maigizo na wagonjwa 180, saruji isishinde. Kwa jumla uzito wa ushahidi umeegemea upande wa kutomdunga kila mtu, na mlango mdogo umeachwa wazi kwa mgonjwa wa siku za mwanzo ambaye maumivu yamemshinda kabisa. Saruji nayo ina hatari zake: huweza kuvuja ikagusa mishipa ya fahamu au ikasafiri na damu hadi mapafuni.

Na vyuma? Hivyo vina kazi yake, nayo ni nyingine. Pingili ikisukuma mishipa ya fahamu, miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, mkojo au choo kikishindwa kuzuilika, mgongo ukiwa haujatulia, hapo upasuaji hauna mjadala na kila saa ina thamani. Lakini parafujo inahitaji mfupa wa kuishika, na mfupa wa osteoporosisi huishika kama ukuta wa udongo mkavu unavyoshika msumari.

*

Usiku wa sita ndipo nilipoona kwamba tangu mwanzo tulikuwa tukibishana kuhusu pingili moja. Daktari alituonyesha mbili. Ile ya zamani ilivunjika, ikaunga bila mtu kujua, na ikatangulia hii. Aliyevunjika mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuvunjika tena. Saruji na vyuma, hata vikifaulu, havigusi pingili ya juu wala ya chini.

Kinachozigusa kilikuwepo tayari. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya wanawake 2,027 waliokuwa wamekwisha kuvunjika pingili. Katika muda wa takriban miaka 3, kati ya kila 100 waliopewa vidonge bandia, 15 walivunjika pingili mpya. Kati ya kila 100 waliopewa alendroneti, 8. Hakuna aliyebebwa akatoka anatembea. Ni tofauti ya watu saba ambao hawakusikia kijiti kikikatika, na mtu hawezi kushangilia kitu ambacho hakikutokea.

Kwa nini hakuna aliyetuambia hayo mwaka uliotangulia? Sehemu ya jibu nayo ni historia. Mwaka 1968 Louis Solomon aliripoti kwamba Waafrika wa Johannesburg huvunjika nyonga mara chache sana kuliko Wazungu. Baadaye watafiti waliofanya kazi Keneba, Gambia, walikuta wanawake wanaokula madini ya kalsiamu kidogo sana na bado hawavunjiki nyonga kama wa Uingereza. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli. Njiani yakageuka msemo: Mwafrika ana mifupa migumu. Lakini nyonga ikivunjika mtu hawezi kusimama na kila mtu anajua, wakati pingili ikivunjika mtu husema mgongo unauma. Hata nchi tajiri zenye eksirei kila kona, karibu theluthi moja tu ya pingili zilizovunjika ndizo hugunduliwa. Sembuse sisi. Bibi zetu walipinda mbele ya macho yetu, tukaona ni heshima ya miaka.

Siku ya saba nilisema mbele ya kikao: asipasuliwe, labda miguu ianze kufa ganzi, hapo tusilale. Mjomba alininyamazia kwa muda. "Kwa hiyo tumwache," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa anachoogopa. Kwake kutopasua kulikuwa jina jingine la kutupa. Nami sikuweza kumlaumu, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo: mzee haoperewi, na baada ya hapo hafanyiwi kitu kingine chochote, na hilo tunaliita matibabu ya kawaida.

Nikamsomea orodha ambayo tulithibitishiwa na daktari. Dawa ya maumivu kwa saa zake, si mpaka alie. Mkanda wa mgongo kwa wiki chache tu. Kuinuka kitandani kila siku, kwanza dakika tano. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Maziwa, dagaa, jua, vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Alendroneti mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa nusu saa. Kuondoa mkeka unaoteleza. Na ndoo, asiiguse tena.

"Maji nani atamletea?" aliuliza mama.

Swali hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko la upasuaji. Mimi nilikuwa nasubiri ajira, popote. Mama ana genge sokoni. Mjomba ana mifugo. Bibi alikuwa akiinua ndoo kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuiinua, na eksirei haionyeshi hilo.

Mjomba aliuza ng'ombe mmoja. Kwa fedha hizo alinunua tangi, akavuta bomba hadi mlangoni kwa Bibi, na zilizobaki zikanunua dawa za miezi ya mwanzo. Kuna watu walisema tumefanya ubahili. Mjomba aliwasikia. Kwa mwaka mzima alikuwa akieleza habari ya tangi kwenye misiba kama mtu anayejitetea mahakamani.

Maumivu makali yaliisha mwezi wa tatu. Siwezi kusema yaliisha kwa sababu ya uamuzi wangu. Baada ya kusoma habari ya chumba kile chenye harufu ya saruji, nisingethubutu. Bibi hakunyooka. Amepungua kimo kiasi kwamba mlango wa tembe lake la zamani, ambao alikuwa akiinamisha kichwa kuupita, sasa anaupita alivyo. Jumapili huamka kabla ya jogoo, anameza kidonge chake, na kwa nusu saa anakaa wima kwenye kigoda akisali, kwa sababu amekatazwa kulala na haoni sababu ya kupoteza muda.

Mara ya mwisho nilipofika Manyoni nilimkuta amesimama kando ya tangi, mkono mmoja ukutani, akimwonyesha jirani yake namna ya kufungua koki. Jirani yule ni mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Alikuwa ameanza kuinama kidogo, na alisema ni mgongo tu, tangu mwezi uliopita. Bibi alinitazama. "Huyu naye mpelekeni Dodoma," alisema. "Msimwambie ni uzee."